Magari ya kisasa ya 4x4 na nyika ya Australia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hunijia kutoka pande mbili. Kuna ndugu zetu walioko Perth, Adelaide na Darwin, wamenunua gari la 4x4 na sasa wanataka kuiona nyika kwa macho yao. Na kuna walioko nyumbani, wanaotuma picha ya gari likiwa bandarini na kuuliza, "Hili likipelekwa porini litatoboa?" Nimeanza na yale ya msingi, yale ya nadra nimeyaweka mwishoni.

## Mambo ya msingi

Kwa kifupi, gari jipya la 4x4 linaiweza nyika ya Australia au haliiwezi?

Linaiweza. Kila msimu wa baridi watu huvuka jangwa la Simpson kwa Hilux, Ranger, Prado na hata Suzuki Jimny, na wengi wao hawajabadilisha chochote zaidi ya matairi.

Lakini wanaouliza swali hili kwa kawaida wameuliza mawili kwa pamoja. Gari kuwa gumu ni jambo moja, kutengenezeka ni jambo lingine. Gari la zamani lilikuwa linaharibika mara kwa mara, kidogokidogo, na dereva akalimaliza mwenyewe kwa waya na spana namba 12. Gari jipya huharibika mara chache sana, ila likigoma limegoma. Karibu ubishi wote wa "la zamani au jipya" hutokana na watu kuchanganya mambo hayo mawili.

Nyika yenyewe ni ipi hasa?

Si mahali pamoja, na ndiyo maana ushauri wa mtu mmoja humpoteza mwenzake. Birdsville Track ina kilomita 517, na njia ikiwa kavu gari lolote lenye tumbo la juu na dereva mtulivu hupita. Gibb River Road kule kaskazini-magharibi ina kilomita 660 hivi za changarawe, mawe na mito. Simpson ni matuta ya mchanga zaidi ya elfu moja yaliyolala sambamba, moja baada ya jingine, na lile la mwisho karibu na Birdsville, Big Red, lina kimo cha kama mita 40.

Halafu kuna Canning Stock Route: kama kilomita 1,850 kutoka Wiluna hadi Halls Creek, matuta zaidi ya 900, ikifuata visima vilivyochimbwa kati ya 1908 na 1910 ili ng'ombe waswagwe kwenda kusini. Gari lililomaliza Birdsville Track bila pancha halijathibitisha lolote kuhusu Canning.

Gari langu limeandikwa AWD. Si ni kitu kilekile?

Hapana. Magurudumu yote manne yanavuta, sawa, lakini AWD nyingi hazina gia ya nguvu, ile madereva huiita "lo". Bila lo, kupanda tuta la mchanga unategemea mwendo mkali peke yake, na kushuka kwenye mawe unategemea breki peke yake. Kwa njia za changarawe AWD itakufikisha. Kwa Simpson na Canning, usijaribu.

## La zamani na la sasa

Kwa nini wazee husema magari ya zamani ndiyo yalikuwa magari?

Kwa sababu wanayoyaona leo ni yale yaliyosalia. Yaliyokatika chesisi na ekseli yalishakuwa chuma chakavu zamani, hayapo tena kutoa ushahidi. Muulize mtu mzima aliyeendesha Land Rover ya miaka ya 1960 ni mara ngapi alivunja ekseli ya nyuma. Atacheka kwanza.

Hata Land Cruiser haikuzaliwa shujaa. Iliingia Australia mwishoni mwa miaka ya 1950, mkandarasi Leslie Thiess alipoileta kwenye ujenzi wa mabwawa ya umeme ya Snowy Mountains. Milima ile iliyatesa magari ya mwanzo, na Toyota ikalazimika kutuma wahandisi wake wakayashughulikie palepale kazini. Sifa tunayoisikia leo ilipatikana kwa kuvunjika na kurekebishwa.

Wazee wana haki kwenye jambo moja. Injini kama 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo iliyotoka 1990, haina cha kuficha. Dizeli ikifika na hewa ikiingia, inawaka. Fundi wa Ngorongoro na fundi wa Alice Springs wataelewana juu yake hata kama hawana lugha ya pamoja.

Land Cruiser mkonga bado ndiyo mfalme?

Kwa anayeishi kule, ndiyo. Mfululizo wa 70, ambao ndio huo mkonga, ulitoka 1984 na bado unatengenezwa. Wafugaji na migodi wanaupenda kwa sababu spea zipo kila mahali na kila fundi analijua gari lile hata akiwa usingizini.

Ila mkonga la kule si la kwetu. La kwetu, lile la mashirika na watalii, kwa miaka mingi limekuja na 1HZ. La Australia lilipewa V8 ya dizeli ya lita 4.5 mwaka 2007, na siku hizi linauzwa na injini ya silinda nne ya lita 2.8. Walipoiweka V8 ile walilazimika kuipanua pua, na ekseli ya mbele ikawa pana kuliko ya nyuma kwa karibu sentimita kumi. Kwenye mchanga, basi, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya mbele, yanachimba yake. Watu hulipa pesa nyingi kurekebisha hilo. Mfalme naye ana kiraka kwenye kanzu.

Ekseli nzima au springi za kila gurudumu peke yake?

Mkonga, Jimny na Ineos Grenadier zina ekseli nzima mbele na nyuma. Land Cruiser 300, Hilux na Ranger zina springi za kujitegemea mbele na ekseli nzima nyuma. Defender mpya inajitegemea kote, na haina hata chesisi ya kizamani, kwani bodi yote ni kipande kimoja cha alumini.

Ekseli nzima ni ngumu na rahisi kuelewa, na gurudumu moja likipanda jiwe difu hupanda nalo. Springi za kujitegemea hukaa vizuri zaidi kwenye mwendo na hazimchoshi dereva. Zamani tofauti ilionekana wazi pale gurudumu lilipoinuka hewani, kwani gari lilikwama. Leo kompyuta hulikamata breki gurudumu linalozunguka bure na kupeleka nguvu kwa lile lililoshika ardhi, na dereva wa wiki mbili anapita mahali ambapo zamani palimhitaji mzoefu. Hapa gari jipya limelishinda la zamani waziwazi, na nasema hivyo nikiwa mpenzi wa mkonga.

## Kinachovunja magari

Kitu gani huua magari mengi kule?

Wengi hutaja mchanga au mito. Jibu ni barabara ya bati.

Barabara ya changarawe ikipitiwa sana huota migongo midogo iliyopangana kama bati la paa. Mwanafizikia Keith Mather alilichunguza jambo hili miaka ya 1960, akaonyesha kwamba gurudumu likizidi mwendo fulani huanza kurukaruka na kuichonga ardhi, na kila linalofuata huongeza kina. Si kosa la lori moja wala la greda. Waliopita Marsabit kwenda Moyale kabla ya lami hawahitaji maelezo zaidi.

Mtikisiko huo ukiendelea saa sita mfululizo, shokapu hupata moto hadi mafuta yake yanapoteza kazi, na zingine huvuja au kukatika kabisa. Nati hujifungua zenyewe. Kitako cha betri hupasuka, keria hukatika miguu, waya husugua chuma hadi shaba ionekane. Hayachagui mwaka wa gari. Tofauti ni kwamba kwenye gari jipya waya uliosuguliwa huenda ni wa sensa (tazama "Sensa ikifa katikati ya jangwa").

Dawa ni mwendo na upepo wa matairi. Punguza vyote viwili. Kuna nadharia ya kukimbia kilomita 80 au 90 kwa saa ili gari "lielee" juu ya migongo, na kweli kiti kitatulia, lakini kwa sehemu ya muda matairi yatakuwa hayagusi ardhi. Kona ikija hapo, au kangaruu, huna breki wala usukani. Simama kila baada ya saa moja au mbili, gusa shokapu kwa tahadhari, na uzunguke na spana.

Upepo wa matairi niweke kiasi gani?

Kwa gari la kawaida lenye mzigo wa kiasi: changarawe na bati, PSI 26 hadi 30. Mchanga, anza na 18. Likianza kulemewa, shuka hadi 15. Chini ya hapo ni kwa kujinasua tu, kwa mwendo wa pole, kwani tairi linaweza kuvuka ukingo wa rimu kwenye kona. Ukirudi kwenye lami jaza upya kabla hujakimbia, maana tairi lenye upepo mdogo likikimbia huchemka na kupasuka.

Ungeniambia nichague kitu kimoja cha kununua kabla ya safari, ningechukua pampu nzuri ya upepo, kisha matairi yaliyojengwa kwa magari ya kazi, yale yenye herufi LT ubavuni. Matairi laini ya mjini yanayokuja na gari la kifahari ndiyo udhaifu wake wa kwanza porini, hata gari lenyewe liwe bora kiasi gani.

Nimefunga bampa la chuma, winchi, hema la juu na tanki la pili. Sasa gari ni gumu zaidi, sivyo?

Huenda sasa ni dhaifu zaidi. Piga hesabu nami. Land Cruiser 300 inaruhusiwa kubeba kama kilo 700, kutegemea toleo. Wazazi wawili na watoto wawili: 240. Bampa: 70. Winchi: 40. Tairi la pili la akiba: 35. Hema la juu: 65. Friji na chakula: 45. Droo za nyuma: 80. Lita 80 za dizeli ya ziada: 67. Lita 60 za maji: 60. Jumla ni 702, na hujapakia nguo, jeki wala sanduku la spana. Halafu mtu anafunga karavani nyuma, na uzito wa ulimi wake, ule unaolalia ndoano ya gari, nao unaingia hesabuni.

Ndiyo maana kule utaona pikapu za milango minne zilizopinda chesisi nyuma ya kibanda, kama mtu aliyevunjika mgongo. Mara nyingi mwenye gari hulaumu kiwanda. Ukilitazama vizuri, mzigo wote uko nyuma ya ekseli, springi zimeongezewa mifuko ya hewa ili makalio yasishuke, na nguvu yote imeelekezwa pahala pamoja pa chesisi. Mifuko ya hewa huinua gari, haiongezi kilo zinazoruhusiwa.

Ushauri wangu ni mchungu kwa wanaopenda maduka ya vifaa: punguza. Hema la chini lina kilo tano.

Vumbi je?

Kuna vumbi la changarawe, na kuna lile laini kama unga wa sembe linalojaza mashimo hadi yaonekane tambarare. Injini ya turbo ikinywa vumbi haidumu. Kagua chujio la hewa kila jioni, na hakikisha limekaa sawasawa kwenye kasha lake, kwani pengo la milimita mbili linatosha. Hapa mkonga, yaani lile bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa, una kazi kuliko kwenye maji: huvuta hewa ya juu, ambako vumbi ni pungufu.

Dizeli ya kule ina shida?

Dizeli yenyewe ni safi. Shida ni maji na uchafu kutoka kwenye mapipa na matanki ya vituo vya mbali. Pampu ya zamani ilivumilia. Mfumo wa sasa husukuma mafuta kwa zaidi ya mara elfu ya upepo wa kawaida wa anga, kupitia matundu ya injekta membamba sana, na tone la maji hapo linaweza kuua injekta zote kwa siku moja. Funga chujio la pili lenye king'ora cha maji, na ubebe akiba. Kwa gari la dizeli la kisasa naliona hili ni la lazima kabla ya winchi.

## Umeme na kompyuta

Sensa ikifa katikati ya jangwa nitafanyaje?

Mara nyingi gari halizimi. Kompyuta hukata nguvu na kuliacha lijikokote, na kwa mwendo huo utafika. Beba kisoma makosa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu, hakifiki bei ya tairi. Kwanza kagua plagi za waya na mipira ya turbo: vumbi, maji au mtikisiko ndivyo vyanzo vya kawaida. Sensa yenyewe kufa ni nadra zaidi kuliko plagi yake kulegea.

Kuna hali chache ambazo huwezi kujikwamua, kama funguo za kisasa zisizotambuliwa au kompyuta kuu kuingia maji. Hapo suluhisho ni mawasiliano, si spana (tazama swali la kukwama, mwishoni).

Hicho kichujio cha masizi, DPF, ni tatizo kweli au maneno ya vijiweni?

Kilikuwa tatizo kweli kwa baadhi ya magari. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba zaidi ya Hilux, Prado na Fortuner 260,000 za dizeli, zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, ziliuzwa na mfumo wenye kasoro. Kichujio kilishindwa kujisafisha gari lilipokuwa likiendeshwa mara kwa mara kwa mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa, yaani hasa safari za nyika. Marekebisho yalitoka 2020, kwa hiyo ukinunua la mtumba la miaka hiyo, uliza kama limefanyiwa.

Kwenye magari mengine, shida huja kwa safari fupifupi za mjini kuliko kwa safari ndefu. Ila soma pia swali la nyasi.

## Hali za pembeni

Gari linaruhusiwa kuvuka maji ya kina gani?

Hilux na Land Cruiser 300 zimeandikiwa milimita 700, Ranger 800, Defender mpya 900. Hicho ni kina cha maji yaliyotulia na mwendo wa pole. Mto unaokimbia ukifika magotini unaweza kulisukuma gari zima.

Ushauri wa kawaida ni kuvuka kwa miguu kwanza upime. Kaskazini ya Australia usifanye hivyo. Kule kuna mamba wa maji chumvi, na kwenye kivuko cha Cahills Crossing, hifadhi ya Kakadu, hukusanyika kando ya kivuko chenyewe wakisubiri samaki. Subiri gari lingine lipite, utazame maji yanafika wapi.

Nimesikia magari yanaungua kwa sababu ya nyasi. Ni kweli?

Ni kweli, na wageni wengi hawajui. Nyasi kavu za spinifex hujisokota chini ya gari kwenye njia zisizopitwa sana, zikajazana juu ya bomba la moshi. DPF inapojisafisha hufika joto la kama nyuzi 600, na magari ya petroli nayo yana vichujio vya moshi vyenye moto mkali. Gari huteketea kwa dakika chache. Simama, lala chini, chomoa nyasi kwa waya uliopindwa, na uweke kizima moto mahali unapopafikia bila kushusha mizigo. Hapa gari la zamani lisilo na vichujio ni salama zaidi, nakubali.

Nikikodi gari la 4x4?

Soma mkataba. Mengi ya kukodi yanakatazwa kutoka kwenye lami, au hutajiwa barabara moja moja zinazoruhusiwa. Ukivunja masharti bima haipo, na kuvutwa kutoka jangwani hugharimu maelfu ya dola.

Na magari ya umeme?

Lami inawezekana. Kwenye Nullarbor, ile barabara ndefu ya lami ya kusini, kituo cha Caiguna kiliwekewa chaja inayozalisha umeme kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, jambo ambalo mama lishe yeyote angelifurahia. Kwa matuta ya Simpson, kama kilomita 500 na ushei bila kituo hata kimoja, bado nabeba dizeli.

Majibu haya yanahusu Tanzania na Kenya pia?

Bati, uzito, upepo na vumbi ni vilevile. Mafuta ndiyo tofauti. Australia dizeli imewekewa kikomo cha salfa cha sehemu 10 kwa milioni tangu 2009. Afrika Mashariki tuliingia kwenye 50 mwaka 2015, na DPF hailipendi hilo, sembuse dizeli ya madumu kando ya njia. Tofauti nyingine ni watu. Kwetu ukikwama porini, ndani ya nusu saa wametokea vijana kumi na jembe. Kule inaweza kupita siku nzima usione mtu.

Nikikwama peke yangu nifanye nini?

Usiliache gari. Kutoka angani gari linaonekana, mtu haonekani kwa urahisi. Oodnadatta iliwahi kufikia nyuzi 50.7 mwaka 1960, na mtu anayetembea kwenye joto linalokaribia hilo hana saa nyingi. Simu ya kawaida haina mtandao, kwa hiyo beba simu ya setilaiti au kifaa cha dharura kinachoitwa PLB, na redio ya UHF. Maji ni lita nyingi kuliko unavyodhani, kwa siku kadhaa zaidi ya ratiba. Mwachie mtu njia yako na siku ya kurudi. Simpson yenyewe hufungwa kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi, na msimu ukifunguliwa utatakiwa kufunga bendera ndefu ili anayekuja upande wa pili wa tuta akuone.

Basi nianze na njia gani?

Oodnadatta Track. Ni kama kilomita 620 kutoka Marree hadi Marla, changarawe, ikifuata magofu ya reli ya zamani, na njiani iko William Creek, kijiji cha watu wa kuhesabika vidoleni, kina hoteli na mafuta. Nenda Juni au Julai. Mvua ikinyesha, ngoja njia ikauke, hata kama ni siku tatu.